Mgeni wa Karne Nyingine: Tashtiti ya Mark Twain na Somo Lake kwa Wajenzi wa Taifa

Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutamkwa kwa furaha mgeni anapobisha hodi, na maana yake hufahamika hata kwa mtoto mdogo: pengine mgeni huyo amekuja na dawa, au na heri ambayo mwenyeji alikuwa ameikosa. Lakini methali haituambii maradhi ya mwenyeji yamepimwa na nani, wala haituambii kama mgeni ameuliza hali kabla ya kumnywesha mtu dawa. Mambo hayo mawili, ambayo methali imeyanyamazia, ndiyo yanayozungumzwa na riwaya ya Mmarekani Mark Twain iitwayo A Connecticut Yankee in King Arthur's Court, iliyotolewa mwaka 1889.

Makala haya yanakusudia kuitazama riwaya hiyo kwa jicho la msomaji wa Kitanzania. Wengi huisoma kama kicheko cha watu wa kisasa dhidi ya watu wa kale, nao humaliza kicheko chao mapema kuliko kitabu kinavyomalizika. Dai letu ni kwamba riwaya hii, ikisomwa mpaka ukurasa wake wa mwisho, ni hukumu nzito juu ya mleta maendeleo anayewafanya watu kuwa watazamaji wa maajabu yake badala ya kuwafanya washiriki wa shauri lake.

Kwanza tueleze kisa, maana si kila shule inacho kitabu hiki. Hank Morgan ni fundi na msimamizi katika kiwanda cha silaha cha Colt, mjini Hartford, jimbo la Connecticut. Siku moja anapigwa mtaimbo kichwani katika ugomvi wa kiwandani, anazimia, na anapozinduka anajikuta Uingereza, katika mwaka 528, zama za Mfalme Arthur na mashujaa wake wapanda farasi. Anakamatwa na kuhukumiwa kuchomwa moto. Lakini anakumbuka kwamba tarehe 21 Juni ya mwaka ule jua litapatwa. Anawatishia watu kwamba atalizima jua. Jua linapatwa kama alivyosema. Watu wanatetemeka, mfalme anasalimu amri, na mfungwa anakuwa waziri mwenye mamlaka yote. Tangu siku hiyo anaitwa Bosi.

Akiwa na mamlaka hayo anaanza kuijenga Uingereza upya. Tendo lake la kwanza la kiserikali ni kufungua ofisi ya kulinda haki za wavumbuzi. Kisha zinafuata shule, viwanda, simu za waya, gazeti, na chuo cha kijeshi. Nyingi kati ya kazi hizo anazifanya kwa siri, kwa kuwa analiogopa Kanisa na makabaila. Mwishowe, Kanisa linapofunga ibada nchi nzima, watu wote wanamkimbia katika muda mfupi sana. Anabaki na kijana wake mwaminifu, Clarence, na vijana 52 tu. Hao wanajifungia pangoni, wanazungushia seng'enge zenye umeme, na kwa umeme, maji na bunduki za Gatling wanaua watu 25,000. Hapana ushindi uliowahi kuwa mtupu kama huo. Maiti zinawazingira washindi, hewa inaoza, na wao wenyewe wanaanza kuugua ndani ya ngome waliyoijenga kwa ustadi.

Sasa tuitazame fani. Twain amemwachia Morgan mwenyewe asimulie, kwa nafsi ya kwanza. Uamuzi huo ndio ufunguo wa tashtiti yote. Laiti msimulizi angekuwa mwandishi, tungeona ujinga wa watu wa kale peke yake. Lakini kwa kuwa msimulizi ni Morgan, kila anapowacheka wenzake anajifunua pia. Msomaji makini hucheka mara mbili: mara ya kwanza pamoja na Morgan, na mara ya pili juu ya Morgan. Tashtiti iliyo bora ina makali pande zote mbili, kama upanga. Mwanafunzi asiyeliona kali la pili amekisoma nusu ya kitabu.

Chukua habari ya mchawi Merlin. Morgan anamdharau kupita kiasi. Anamwita laghai na mzee mpumbavu. Lakini hebu tulinganishe kazi zao. Merlin anatawala kwa kuwatisha watu kwa mambo wasiyoyaelewa. Morgan naye, tangu siku ya kupatwa kwa jua, anatawala kwa kuwatisha watu kwa mambo wasiyoyaelewa. Tofauti ni kwamba maajabu ya Morgan yanafanya kazi. Anaulipua mnara wa Merlin kwa baruti akisaidiwa na radi, na watu wanasujudu. Hakuna hata mmoja aliyeondoka pale akijua baruti ni nini.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa kisima kitakatifu. Maji yamekauka, na watawa wanaamini kwamba wameadhibiwa kwa sababu ya dhambi. Morgan anashuka kisimani na kukuta kwamba ukuta una ufa na maji yanavuja. Hapo palikuwa na fursa ya kufundisha. Angeweza kuwaita watawa, akawashushia taa, akawaonyesha ufa, akawapa chokaa wauzibe wenyewe. Nao wangejua tangu siku hiyo kwamba kisima kinaweza kutunzwa kwa akili na mikono ya watu. Badala yake anauziba kwa siri akiwa na mafundi wake, kisha usiku anawasha fataki za rangi mbalimbali na kutamka maneno marefu yasiyo na maana, ili maji yaonekane yametoka kwa uwezo wake. Watu wanapata maji, lakini hawapati elimu ya maji. Na siku ufa wa pili utakapotokea, watamtafuta mganga mwingine.

Kiini cha riwaya, kwa maoni yetu, kimo katika sura ambazo wahakiki wengi huzipita haraka: zile ambazo Morgan na Mfalme Arthur wanasafiri kwa miguu wakijifanya watu wa kawaida. Katika safari hiyo Morgan anakaribishwa nyumbani kwa mchoma makaa aitwaye Marco, pamoja na mhunzi tajiri wa kijiji, Dowley. Mhunzi anajisifu kwa nyama anayokula na ujira anaowalipa watu wake. Morgan hawezi kuvumilia. Anaandaa karamu kubwa kwa gharama yake, kisha analipa hesabu yote mbele ya wageni kama mtu anayetupa kokoto, hata mhunzi anafedheheka. Baada ya kumfedhehesha, anataka kumfundisha uchumi: kwamba wingi wa fedha za ujira si kitu, ila kile ambacho ujira huo unaweza kununua. Hoja yake ni sahihi kabisa. Lakini hakuna anayemsikiliza.

Kwa nini hakusikilizwa? Si kwa sababu wale watu hawana akili. Twain ametuonyesha kwamba wanahesabu vizuri na wanabishana kwa ushupavu. Hakusikilizwa kwa sababu alikwisha kuwatweza kabla ya kuwafundisha. Na anaposhindwa katika hoja, anarudi kwenye silaha yake ya zamani, yaani hofu: anamkumbusha mhunzi kwamba amekiri kulipa ujira kuliko sheria inavyoruhusu, kosa ambalo adhabu yake ni mkatale. Watu wanaingiwa na woga. Woga unageuka ghadhabu. Ghadhabu inageuka mapigo. Siku ile ile Morgan na mfalme wanakimbizwa kama wanyama, na mwisho wake wanauzwa utumwani. Katika kitabu kizima hii ndiyo mara ambayo Morgan anakaa meza moja na wafanya kazi wa nchi, akala nao na kujadiliana nao. Naye anaiharibu fursa hiyo kwa majivuno.

Dhidi ya tukio hilo Twain ameweka tukio jingine. Katika kibanda kimoja wanamkuta mama anayekufa kwa ndui. Morgan, mwenye sayansi, anaijua hatari ya ugonjwa huo. Mfalme hana kinga yoyote. Anaambiwa atoke. Anakataa. Anapanda ngazi, anamshusha binti wa mama yule mikononi mwake, naye yu mahututi, na kumlaza karibu na mama yake. Huyo ndiye mfalme ambaye kitabu kimemcheka kwa mamia ya kurasa. Morgan mwenyewe anakiri ukuu wa tendo lile. Mwandishi anatuambia kwamba jamii inayoitwa ya kishenzi ina hazina ya utu ambayo mgeni hakuja nayo, na ambayo mashine haziwezi kuitengeneza.

Inafaa hapa tukumbuke tarehe. Kitabu hiki kilitoka Desemba 1889. Mwezi ule ule, mjini Pangani, Abushiri bin Salim, aliyeongoza mapambano ya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa. Miaka kumi na sita baadaye, mwishoni mwa Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji waliiendea ngome ya Mahenge wakiamini kwamba maji yatageuza risasi, na bunduki za bombomu zikawafyeka. Twain hakuwa akiandika juu yetu, wala hakuwa na habari zetu. Hata hivyo, pango lile la vijana 52 na silaha zao ni picha ambayo mtoto wa Kitanzania aliyesoma historia yake hawezi kuiona ngeni. Silaha za aina ile zilitengenezwa Hartford, katika kiwanda cha Colt, alikotoka Morgan. Na Twain mwenyewe hakusimama kwenye kicheko. Mwaka 1905 alitoa kijitabu cha kejeli kali dhidi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa mateso aliyowatendea watu wa Kongo kwa jina la ustaarabu. Anayetaka kujua mwandishi alikuwa upande gani pangoni na asome vitabu hivyo viwili pamoja.

Fasihi yetu imelijibu swali hili kwa njia yake. Shaaban Robert (1909–1962), aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, alitoa Kusadikika mwaka 1951. Nayo pia ni hadithi ya nchi isiyokuwapo, nchi iliyo angani. Nayo pia inahusu mtu anayetaka kuibadili jamii iliyoganda. Lakini Karama hana baruti wala kalenda ya kupatwa kwa jua. Ameshitakiwa na Majivuno kwa kuwafundisha watu sheria, naye anasimama barazani na kujitetea kwa maneno, akieleza habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na mafunzo yenye manufaa, wakaishia kifungoni. Morgan ana nguvu zote na hana subira ya kueleza. Karama hana nguvu yoyote ila uwezo wa kueleza. Wa kwanza anaishia kwenye lundo la maiti. Wa pili anaishia kwa kufunguliwa yeye na wafungwa wengine wote sita. Mtu anaweza kusema kwamba Shaaban Robert alikuwa na matumaini kupita kiasi, na kwamba wafalme wa kweli hawashindwi kwa hotuba. Huenda ikawa kweli. Lakini hata msomaji mwenye shaka hawezi kukana kwamba mageuzi ya Karama yamepita katika masikio ya baraza zima, na kwa hiyo yana mahali pa kuishi baada ya Karama mwenyewe kuondoka.

Tutoke sasa vitabuni, tuyatazame mambo haya katika nchi. Sisi wa Sigino, katika mji wa Babati, tunaishi mahali ambapo neno maendeleo limekuja kwa sauti zaidi ya moja. Kabla ya mwaka 1985 eneo letu lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Hanang', na Mkoa wa Manyara wenyewe ulizaliwa mwaka 2002 tu. Kwa hiyo mambo ya Hanang' ni mambo yetu, na katika mambo hayo imo mifano miwili ambayo mwalimu anaweza kuiweka kando ya riwaya hii.

Mfano wa kwanza ni ule wa ngano. Katika miaka ya 1970 na 1980, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa saba katika nyanda za Basotu na jirani zake, jumla yake karibu ekari laki moja. Yaliletwa matrekta, mashine za kuvunia, mbegu na wataalamu. Nia ilikuwa njema: taifa lijilishe mkate. Na ngano ilivunwa kweli, kwa wingi. Lakini ardhi ile ilikuwa malisho ya wafugaji wa Kibarabaig, ambao walikuwa na utaratibu wao wa kuhamisha ng'ombe kufuatana na majira, na makaburi ya wazee wao yalikuwa humo. Kwa jicho la mtaalamu aliyeshuka na mashine, nyasi zile zilikuwa ardhi tupu. Kwa jicho la mwenyeji zilikuwa ghala, barabara na mahali pa kuzikia. Malalamiko yalifika mahakamani katika miaka ya 1980, na jina la Hanang' likajulikana mbali kwa sababu ambayo waanzilishi hawakuitazamia. Baada ya miaka mingi mashamba yalitoka mikononi mwa shirika. Ufa wa kisima uliuzibwa bila mwenye kisima kuulizwa chochote.

Mfano wa pili unatoka nchi nzima. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, vijijini na mijini, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kitabu kidogo, wakajadiliana, kisha wakaamua wenyewe la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kusafisha visima. Sasa linganisha na Morgan, ambaye naye alitaka kuleta usafi. Yeye aliwavika mashujaa mabango ya kutangaza sabuni, wakazunguka nchi wakichekwa, na lengo lake la pili lilikuwa kuudhalilisha ushujaa wenyewe. Kampeni zote mbili zilihusu uchafu na maradhi. Katika moja, mwananchi ni mteja anayetangaziwa na mtu aliyefanywa kichekesho. Katika nyingine, mwananchi ameketi kitako, ana neno la kusema, na choo anachokichimba ni chake. Hatusemi kwamba kila kikundi kilifaulu. Tunasema kwamba mbinu yenyewe ilimheshimu mtu, na ndiyo maana wazee wengi hukumbuka jina la kampeni ile hadi leo.

Mifano hii haimaanishi kwamba mashine ni adui. Ni kosa kuisoma riwaya ya Twain kama wito wa kurudi enzi za Merlin. Enzi hizo zilikuwa na utumwa, mateso na njaa, na Twain anayaeleza bila huruma; hasira yake dhidi ya makabaila ni hasira ya haki. Mwenye kuutukuza ukale wote kwa sababu tu ni wa kwetu hana tofauti na anayeutupa wote kwa sababu hiyo hiyo. Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walisema. Lakini hawakusema kwamba mbacha usishonwe unapochanika.

Kitabu kina kasoro, na mhakiki mwaminifu hana budi kuzitaja. Kwanza, watu wa kawaida wa nchi ile hawapewi nafasi ya kutosha kusema yaliyo moyoni mwao; mara nyingi tunawaona kwa mbali, kama umati unaopiga magoti au unaokimbia. Pili, mwanamke mkuu wa hadithi, Sandy, anachekwa kwa urefu wa maneno yake hata mzaha unachosha. Na anapokuwa mke na mama, mwandishi hana muda wa kumpa akili inayolingana na wema wake. Tatu, mashambulizi dhidi ya Kanisa yanazidi kipimo, na mwalimu atakayekisomesha kitabu hiki itampasa kuwaeleza wanafunzi tofauti ya kukosoa mamlaka na kukebehi imani ya mtu.

Juu ya hayo yote, mwisho wa riwaya unabaki kuwa miongoni mwa miisho yenye nguvu zaidi katika fasihi ya kejeli. Merlin, aliyedhihakiwa tangu mwanzo, anaingia pangoni akiwa amejigeuza mwanamke mzee, na uchawi wake unafaulu: anamlaza Morgan usingizi wa karne kumi na tatu. Kisha yeye mwenyewe anajikwaa katika waya wa umeme na kufa akicheka. Mchawi wa kale na mchawi wa sasa wanaangamizana, kila mmoja kwa silaha ya mwenzake, na watu waliobishaniwa muda wote huo hawamo katika ushindi wala katika kicheko.

Kwa walimu, basi, tunapendekeza kwamba wanafunzi waulizwe maswali machache tu. Je, ni mara ngapi Morgan anauliza kabla ya kutenda? Ni nani angeweza kuendesha shule zake kama angekufa katika mwaka wa pili? Karama angefanya nini kisimani? Na katika kata yako, tazama mradi mmoja, uwe wa maji, wa shamba au wa zahanati: ukitaka kujua ufa uko wapi, kuna mwanakijiji anayeweza kukuonyesha? Mwanafunzi atakayejibu swali hili la mwisho kwa kwenda kutazama mwenyewe na kuzungumza na wenye mradi, huyo ameifahamu tashtiti ya Mark Twain kuliko anayeweza kuikariri.